Kujua simu si kujua kompyuta: shida ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vyetu

Mwalimu amechora kompyuta ubaoni kwa chaki. Juu ameweka ekra, chini yake klavye, pembeni suri pamoja na mkia wake. Anaonyesha kila kipande, anataja jina na kazi yake, na wanafunzi zaidi ya mia wanaandika katika kaye. Siku ya mtihani wataombwa kueleza klavye ni nini, na wengi watajibu vizuri. Pointi watapata. Lakini ukiwaweka mbele ya kompyuta yenyewe, kuko wale hawajui fasi ya kufinya ili iwake.

Picha hiyo si ya chuo kimoja. Kuanzia Bukavu hadi Bunia, kuanzia Uvira hadi Butembo, Kindu na Kisangani, watu wengi waliopita mwaka wa kwanza wataitambua. Kozi ya informatiki iko kwenye programu, mwalimu yuko, silabusi inauzwa. Kinachokosekana ni saa za kugusa mashini. Na deni la saa hizo halilipwi siku ya mtihani. Linalipwa baadaye, franka kwa franka, kwenye vibanda vya kupigisha kazi vilivyo mbele ya kila chuo.

Simu imefundisha nini, na nini haikufundisha

Wazazi wengi wanajiuliza: mtoto anashinda kwenye simu asubuhi hadi usiku, ataogopa kompyuta namna gani? Swali ni la haki. Simu imemfundisha kijana kutafuta habari, kutuma ujumbe, kununua mega, kulipa kwa M-Pesa ao Airtel Money. Hiyo ni akili ya kweli na haifai kudharauliwa.

Lakini simu imemfichia mambo matatu. La kwanza ni fasi vitu vinapohifadhiwa. Mtu akipiga picha kwa simu, picha inajiweka yenyewe katika galeri. Kwenye kompyuta, mwenye kazi njo anaamua: itaitwa jina gani, itawekwa katika dosie gani. Asipoamua, kesho ataitafuta kama mtu aliyeangusha sindano gizani.

La pili ni kuandika. Simu inaandikwa kwa vidole gumba viwili, mistari miwili ao mitatu. Kazi ya chuo ni kurasa 10, kisha 20, na mwisho wa masomo ni kurasa 50 ao zaidi. La tatu ni kupanga ukurasa: pembezoni, namba za kurasa, vichwa vya sehemu, tabo za hesabu. Hayo yote kwenye ujumbe wa WhatsApp hayaonekani hata siku moja.

Wanafunzi hawaanzi fasi moja

Katika chumba kimoja cha mwaka wa kwanza, kuko aliyemaliza sekondari ya biashara na informatiki, ambaye amegusa kompyuta miaka miwili ao mitatu. Pembeni yake kuko aliyetoka shule ya kijijini, option ya pedagojia ao ya biolojia na kemia, fasi ambapo hata umeme haujafika. Wote wawili wana diploma ya serikali. Wote wawili wanaitwa « bleu ». Lakini mbele ya ekra, mmoja anatembea na mwingine bado anatambaa.

Kozi ikianza kwa wote sawasawa, yule wa kwanza anachoka na yule wa pili anapotea. Mbaya zaidi, anayepotea anaona haya kuuliza, kwa sababu anafikiri ni yeye peke yake hajui. Wakifika kwenye mashini kwa vikundi, anayejua anakamata suri, wengine wanaangalia. Mara nyingi wanaobaki kuangalia ni wasichana. Saa inaisha, mwalimu anaandika kwamba kikundi kimefanya mazoezi, lakini ni mkono mmoja tu uliofanya.

Kuko pia sababu nyingine ya haraka. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, serikali ilitandaza mfumo wa LMD katika vyuo vya inchi nzima: miaka 3 ya Licence, 2 ya Master, 3 ya Doctorat. Zamani ilikuwa miaka 3 ya Graduat na 2 ya Licence. Katika mfumo wa LMD, mwaka mmoja ni kredi 60, na kredi hazihesabu saa za mwalimu pekee. Zinahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya mwenyewe inje ya darasa: kutafuta, kusoma, kuandika, kuleta. Asiyejua kompyuta anaanza mbio hiyo akiwa amefungwa mguu mmoja.

Bei ya kutojua

Tuchukue mfano. Tuseme ukurasa mmoja unapigwa na kutoshwa kwenye karatasi kwa franka 500. Bei inabadilika kufuatana na mji na wakati. Kazi ya kurasa 10 inakuwa franka 5.000. Mwanafunzi akiwa na kazi 12 kwa mwaka, ni franka 60.000. Kwa mzazi anayeuza maharagwe ao makala sokoni, na ambaye bado anatafuta minervali, hizo si makuta kidogo. Mwanafunzi akijipigia mwenyewe, atalipa karatasi na wino tu.

Lakini makuta si hasara ya pekee. Kazi iliyopigwa na mtu mwingine inabaki kwenye mashini ya mtu mwingine. Jina limekosewa? Inabidi kurudi na kulipa tena. Profesa ameomba kubadilisha sura ya pili? Kurudi tena. Umeme umekatika siku moja kabla ya kuleta kazi? Foleni inafika barabarani, na msichana anabaki pale hadi usiku akingojea zamu yake, kisha arudi nyumbani gizani. Tena hakuna anayejua kama kazi hiyo haitauzwa mwaka kesho kwa mwanafunzi mwingine, kwa kubadilisha jina tu. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, wahenga walisema. Na hapa anayetegemewa si ndugu hata.

Wale wanaopigisha kazi hawana kosa. Wanatafuta maisha, na wengi wao walijifunza mashini kwa shida. Swali ni kwa chuo: namna gani kijana anasoma kozi ya informatiki mwaka mzima, kisha anatoka akiwa bado mteja wao?

Mambo matano ya kuanza nayo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Kuko mambo matano ambayo yakishikwa vizuri yanambeba hadi mwisho wa masomo.

Moja: jina na dosie. Kabla ya kuandika neno lolote, afungue dosie ya mwaka, ndani yake dosie ya kila kozi. Kila fishie ipewe jina linalosema kitu: « sosholojia_kazi1_machi » ni jina, « Document1 » si jina. Na « Enregistrer » ifanyike mwanzoni, si mwishoni. Kwenye Word inatosha kufinya Ctrl pamoja na S. Katika miji ambapo umeme unakatika bila hodi, vidole vinapaswa kuzoea alama hizo mbili kila baada ya aya moja. Word yenyewe imepangwa kuweka kopi ya dharura kila dakika 10, lakini dakika 10 za kazi zinaweza kuwa ukurasa mzima.

Mbili: klavye. Mashini za kifaransa zina mpangilio wa AZERTY. Nyingi zinazoingia kutoka Uganda ao Dubai zina ule wa kiingereza, QWERTY. Katika mpangilio mmoja A iko pale ambapo Q iko katika mwingine. Njo maana mtu anaandika neno la siri lake vizuri na mashini inalikataa: vibonyezo vinasema QWERTY, lakini ndani imepangwa AZERTY. Kabla ya kulaumu mashini, aangalie kona ya chini ya ekra, fasi imeandikwa FRA ao ENG. Kuhusu vidole, herufi F na J zina kialama kidogo kinachosikika kwa kugusa. Hapo njo vidole vya shahada vinakaa, na vingine vinafuata pembeni. Dakika 15 kila siku kwa mwezi mmoja zinasaidia kuliko saa tano za mara moja.

Tatu: ukurasa. Wengi wanasukuma kichwa cha sura katikati kwa kufinya nafasi mara ishirini, na wanahamia ukurasa mwingine kwa kufinya Entrée mpaka wafike. Siku wakiongeza mstari mmoja, kila kitu kinahama. Kuna kibonyezo cha kuweka katikati. Na Ctrl pamoja na Entrée inafungua ukurasa mpya mara moja. Vichwa vikiwekwa katika « Titre 1 » na « Titre 2 », basi kwenye « Références » Word inatengeneza yenyewe orodha ya sura na namba za kurasa. Kazi hiyo, kwa mkono, inakula usiku mzima na bado namba zinakosewa.

Ine: hesabu. Excel si ya wanafunzi wa uchumi peke yao. Muuguzi anahesabu wagonjwa, mwalimu anahesabu pointi, agronomi anahesabu mavuno. Tuseme pointi tatu ziko kwenye B2, B3 na B4: 12, 14 na 9,5. Kuandika =SOMME(B2:B4) kunatoa 35,5, na =MOYENNE(B2:B4) kunatoa wastani. Lakini kuko mtego. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa kifaransa, nusu inaandikwa kwa koma. Mtu akiandika 9.5 kwa nukta, mashini inaona maandishi, si hesabu. Inairuka bila kusema kitu, na jumla inakuwa 26. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Njo maana mwenye kazi anapaswa kujua kidogo jibu linafaa kuwa ngapi kabla ya kuamini mashini.

Tano: barua pepe na kopi. Kila mwanafunzi awe na adresi ya barua pepe yenye jina lake halisi, na neno la siri analojua yeye peke yake, si mwenye siba aliyemfungulia. Akimaliza kwenye mashini ya watu, afinye « Se déconnecter ». Kufunga ekra tu hakutoshi. Na kila kazi muhimu iwe fasi tatu: kwenye mashini, kwenye flashi, na kwenye barua pepe.

Juu ya nini kopi tatu

Katika majimbo yetu, kuhama kwa haraka si jambo geni. Tarehe 22/5/2021 volkano Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye watu wengi wa Goma waliombwa kuondoka katika mji. Vita navyo vimehamisha familia mara nyingi, Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Mtu anapokimbia, anakamata mtoto, godoro na vyombo. Kompyuta inabaki nyumbani, ao inaibiwa njiani. Kazi iliyotumwa kwenye barua pepe haibebwi kichwani, lakini inafika kila fasi ambapo mwenyewe amefika.

Wengi wanaogopa kwamba kutuma kunakula mega. Sivyo kwa maandishi. Kazi ya kurasa 40 isiyokuwa na picha kwa kawaida haifiki mega 1. Video moja ya kuchekesha inayozunguka kwenye WhatsApp inakula mara nyingi zaidi. Gmail inakubali fishie zilizoambatanishwa hadi mega 25 kwa barua moja, na inatoa bure giga 15 za kuhifadhi, zinazochangiwa na picha na vitu vingine vya akaunti hiyo.

Flashi nayo ina ugonjwa wake. Inatembea kibanda hadi kibanda na inaokota virusi. Alama inayojulikana sana: mtu anafungua flashi na kukuta dosie zake zimegeuka kuwa « raccourci », zenye mshale mdogo. Wengi wanashtuka na kufinya pale, na kwa kufinya hivyo wanaamsha virusi. Wengine wanakubali ushauri wa « Formater », na kila kitu kinafutwa. Mara nyingi kazi iko bado ndani, imefichwa tu. Njia salama ni kutofinya kitu, kupeleka flashi kwa mtu anayejua, na kumwomba aonyeshe vitu vilivyofichwa na kusafisha virusi kabla ya kufikiri kufuta.

Mashini kumi, wanafunzi mia mbili

Viongozi wa vyuo wana jibu moja: mashini hazitoshi. Ni kweli, na hakuna anayelikataa. Lakini kuko namna ya kutumia kidogo kilichopo.

Ya kwanza ni kugawa saa. Mashini 10, wanafunzi wawili kwa kila moja, ni 20 kwa zamu. Kwa wanafunzi 200, ni zamu 10. Kila zamu ikiwa ya saa moja na nusu, jumla ni saa 15: siku mbili ao tatu za kazi, na kila mtu amegusa. Ya pili ni sheria ya suri: baada ya dakika 20 anayeshika anaachia mwenzake, hata kama hajamaliza. Mwenye kujua anasaidia kwa mdomo, si kwa mkono. Sheria hiyo ndogo inasaidia zaidi sana wasichana na wale waliotoka vijijini.

Ya tatu ni kuuliza siku ya kwanza nani amekwisha kugusa kompyuta. Wale wanaojua wasilazimishwe kukaa bure, wafanywe wasaidizi. Kijana wa mwaka wa kwanza anamuuliza mwenzake swali ambalo hatathubutu kumuuliza profesa.

Ya ine, na labda ya maana kuliko zote, ni mtihani. Mtihani ukibaki wa kueleza kwa maandishi, wanafunzi wataendelea kukariri. Ukiwa wa dakika 15 mbele ya mashini, yaani kufungua dosie, kuandika ukurasa mmoja, kutengeneza tabo, kuhifadhi na kutuma, basi kila mmoja atatafuta kujua. Mwanafunzi anajifunza kile anajua kitaulizwa.

Bila umeme, bila mega

Kompyuta ya kubeba ina faida moja kubwa kwetu: betri yake, na ulaji mdogo wa umeme. Nyingi zinakula wati 30 hadi 65, wakati ile ya mezani pamoja na ekra yake inaweza kupita 100. Kwa chuo kinachotegemea jua ao jenereta, tofauti hiyo ni mafuta na betri.

Kuhusu programu, hakuna lazima ya kunakili Word ya wizi ambayo mara nyingi inaingia na virusi. LibreOffice ni ya bure kabisa, inapatikana kwa kifaransa, inafungua fishie za Word na Excel, na ikipakuliwa mara moja inaweza kugawanywa kwa flashi kwa wote bila kuvunja sheria. Vivyo hivyo Kiwix: inaruhusu kusoma Wikipedia bila intaneti. Inapakuliwa siku moja pale kuko wifi nzuri, kisha maktaba ya chuo inaiweka kwenye mashini zake.

Na asiyekuwa na kompyuta? Simu inaweza kuanzia. Kuna waya mdogo unaoitwa OTG, unaounganisha klavye ya kawaida na simu nyingi za Android. Haitakuwa kompyuta, lakini vidole kumi vitajifunza, na kazi itaandikwa.

Mashini inayojibu kila kitu

Siku hizi wanafunzi wengine wanaona hakuna tena sababu ya kuhangaika: wanauliza ChatGPT kwenye simu, inaandika kazi yote, wanapeleka kuchapisha. Chombo hicho kinaweza kusaidia kueleza jambo gumu ao kusahihisha kifaransa. Lakini kinaweza pia kutunga vitabu visivyoandikwa na waandishi wasiokuwepo, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Asiyejua kutafuta kitabu chenyewe na kuhakikisha, hawezi kujua amedanganywa. Ni sawa na ile hesabu ya 26: mashini haioni haya kukosea. Mwenye kuona ni mtu anayejua.

Kile mzazi anaweza kuuliza

Mzazi hahitaji kujua kompyuta ili kufuatilia. Anaweza kuuliza maswali mawili tu wakati mtoto anarudi kutoka chuoni. La kwanza: wiki hii umegusa mashini dakika ngapi, wewe mwenyewe? La pili: kazi uliyoandika iko wapi?

Mtoto akijibu kwamba iko kwenye kibanda cha fulani, basi kozi bado haijafundishwa, hata kama pointi ni 18 kwa 20. Akijibu kwamba iko kwenye dosie yake, kwenye flashi yake na kwenye barua pepe yake, na anaweza kuifungua pale pale kwa simu na kuionyesha, minervali ya kozi hiyo haikupotea.